Tunakula sufuria moja, yeye ana H. pylori mimi sina. Tumbo langu linajilinda na nini?

MamaPili_Kihonda (Morogoro)

Wakuu, habari za usiku. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo, jambo lenyewe limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake Dar hadi Tunduma. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa Mafinga, anasema ameteremka kwenda chooni, alipoinuka dunia ikazunguka. Choo chenyewe cheusi kama lami. Utingo wake akamkimbiza hospitali, akaongezewa damu chupa 2, kesho yake wakampitisha mpira wenye kamera. Wakakuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, pale tumbo linapoishia. Wakachukua kinyama, kikapimwa, wakasema ana bakteria anaitwa H. pylori. Amepewa dozi ya siku 14, yuko nyumbani, anaendelea vizuri namshukuru Mungu.

Aliporudi na mimi nikaenda kupima. Tuna miaka 11 kwenye ndoa, tunakula sufuria moja, maji tunapokezana kikombe. Nikapeleka choo. Majibu: hakuna. Nikamuuliza dada aliyenipa karatasi, inawezekanaje? Akasema, "Wewe damu yako kali." Jibu hilo halikuniingia. Mimi ni fundi cherehani, nikiona mshono umekaa miaka bila kufumuka nataka kujua umeshonwa kwa uzi gani.

Sasa nimesoma mahali kwamba ukuta wa tumbo una dawa yake wenyewe ya kuzuia bakteria, mbali na asidi. Ni kweli? Kama ni kweli, mbona yangu imefanya kazi na ya mume wangu imeshindwa? Na inaongezwa nguvu kwa kitu gani? Jirani mmoja ananihimiza nimpe mgonjwa juisi ya kabichi na unga wa mlonge, mwingine anasema kijiko cha magadi asubuhi. Kabla sijamnywesha mtu kitu chochote nataka nielewe.

Kijana_wa_Mbezi

Pole sana mama, na shemeji Mungu amponye.

Mimi naendesha bodaboda, na tumbo nalijua kwa mateso. Niliambiwa adui mkubwa ni asidi, kwa hiyo nanunua omeprazoli duka la dawa, nikiona imekaribia kwisha naongeza, sasa ni mwaka na miezi. Nikiacha siku mbili kiungulia kinarudi kwa hasira. Na kiuno kikikaza nameza diklofenaki moja jioni. Kwa hiyo unaposema tumbo lina dawa yake nashangaa, maana langu naliona kama linanichoma lenyewe. Nakaa hapa kusubiri wanaojua.

MzeeWaSlaidi

Mama Pili, swali lako nimelisoma mara tatu, na nimefurahi kwamba lile jibu la damu kali hukulikubali. Nimefanya kazi maabara ya patholojia miaka 27, huku Kaskazini. Kazi yangu ilikuwa kupokea vile vinyama vilivyotolewa kwa kamera vikiwa kwenye kichupa cha fomalini, kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vipande vyembamba vya mikroni 4 na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwa hadubini. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona, na nilichokuja kukielewa baadaye.

Asidi kwanza, maana kijana wa Mbezi ameionea. Tumbo linatoa maji yake karibu lita 2 kwa siku, na ukiwa na njaa ukali wake unafika pH 1 au 2 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo ndiyo kali zaidi). Bakteria wengi tunaowameza na kachumbari, na maji, na vidole vyetu, wanafia humo ndani ya dakika chache. Hilo ndilo lango. Ukilivunja, hata wageni dhaifu wanapita.

Lakini asidi hiyo hiyo ingeuyeyusha ukuta wa tumbo lenyewe kama ukuta usingekuwa na ute. Ute wa tumbo si kama makamasi ya mafua tu. Ni utando mzito, chini ya milimita moja, na ndani yake seli zinamwaga baikaboneti, ndugu ya ile magadi soda unayotumia jikoni. Juu, unakogusana na chakula, ni asidi kali. Ukishuka hadi kwenye uso wa seli unakuta karibu pH 7, kama maji ya kawaida. Na seli zenyewe zinabadilishwa kila baada ya siku chache, zilizochoka zinabanduka pamoja na chochote kilichozishika.

Sasa huyu H. pylori ndiye aliyejifunza kuishi katika nafasi hiyo nyembamba. Hakai kwenye asidi, anapita tu. Ana kimeng'enya kinaitwa urease, kinavunja urea na kutoa amonia, kwa hiyo anajifunika wingu dogo la kuzima asidi. Amonia hiyo ina kazi ya pili: asidi ikipungua, ute uliokuwa mzito kama jeli unalegea mbele yake, naye ana mikia kadhaa upande mmoja, anaogelea mpaka karibu na seli. Kipimo alichofanyiwa mume wako huenda ndicho kinachotumia tabia hii. Kinyama kinawekwa kwenye jeli ya njano yenye urea, bakteria wakiwemo jeli inageuka waridi. Nimeiona ikigeuka kabla sijamaliza kuandika jina la mgonjwa kwenye daftari.

Nije kwenye dawa uliyoisoma. Ni kweli ipo, na mimi niliiona kwa macho yangu miaka mingi bila kujua ninaona nini.

Tulikuwa tunapaka vinyama rangi ya Giemsa, ile ile ya slaidi za malaria. Ukitazama kwa lenzi ya 100 ukiwa umedondosha mafuta, unawaona H. pylori wamejipinda kama herufi S, rangi ya bluu, wamejaa kwenye ute wa juu na kwenye midomo ya vishimo vya tumbo. Ukuta wa tumbo umejaa vishimo vidogo, na kila kishimo kinashuka mpaka kwenye tezi. Mimi nilikuwa nawahesabu juu, nikishuka chini kwenye tezi siwaoni. Slaidi baada ya slaidi. Juu msongamano kama stendi ya Msamvu usiku wa sikukuu, chini kimya. Nilidhani ni rangi haijafika. Nikaongeza dakika za kupaka, nikabadilisha maji, kule chini pakabaki vile vile.

Halafu daktari mmoja mgeni akaniachia makala aliyoichapa kwenye karatasi. Ilikuwa imetoka mwaka 2004 katika jarida la Science, ya Masatomo Kawakubo na wenzake, akiwemo Jun Nakayama wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, na Minoru Fukuda aliyekuwa Marekani. Mama, nilisimama.

Walionyesha kwamba ute wa tumbo ni wa aina mbili. Wa juu unatolewa na seli za usoni, na uti wake ni protini inayoitwa MUC5AC. Wa chini unatolewa na tezi zile za ndani, uti wake ni MUC6. Protini hizi zinaitwa musini, na kila moja imevikwa minyororo ya sukari kama nywele kwenye mswaki. Minyororo ya musini ya chini ina sukari ndogo ya pekee kwenye ncha, N-asetili-glukosamini iliyofungwa kwa namna isiyo ya kawaida. Wakamkuza H. pylori kwenye musini ya juu, akastawi. Wakamweka kwenye ile ya chini yenye sukari yake, akadumaa: akarefuka vibaya, umbo lake la kujipinda likapotea, mwendo ukamwisha.

Kwa nini? Hapa ndipo nilipoipenda kazi yangu upya. H. pylori hawezi kujitengenezea kolesteroli. Anaichukua kwetu, kwenye seli zetu, kisha anaifunga na glukosi ndipo anaijengea ukuta wake. Bila kolesteroli hiyo iliyofungwa sukari ukuta wake haukamiliki, naye anakufa. Ule mnyororo wa sukari wa ute wa chini unazuia hatua hiyo hiyo ya kufunga. Yaani tumbo halimpigi bakteria rungu, linamnyima chokaa ya kujengea nyumba. Baadhi ya dawa zetu za hospitali, kama amoksilini, zinafanya kazi kwa wazo la jinsi hiyo, kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, ila zinashika mahali pengine.

Na huko chini kwenye tezi ndiko kuna seli mama zinazozaa ukuta mpya kila siku. Kinga imewekwa palipo na mali.

Sasa nikujibu kwa nini haimfukuzi kabisa. Kwa sababu ute wa chini unalinda chini. Bakteria akiridhika kukaa juu, kwenye ute anaoupenda, anaweza kukaa humo miaka 40. Kwa hiyo kinga hii inapunguza madhara, inamzuia asiingie chumbani, lakini haimtoi barazani. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuhesabiwa kuwa naye, na walio wengi hawapati kidonda maisha yao yote.

Kuhusu sufuria moja: wengi humpata utotoni, ndani ya familia walikozaliwa. Mtu mzima kuambukizwa na mwenzi wake hutokea, ila si jambo la lazima kama mnavyodhani. Kwa hiyo majibu yako na ya mumeo kutofautiana si muujiza.

Lakini kabla hatujasifu uzi wa mshono wako nikuulize mambo mawili, nayo usiyachukulie kwa wepesi. Wakati unapeleka choo, ulikuwa unatumia dawa yoyote ya tumbo, au ulikuwa umemeza antibayotiki ndani ya mwezi ule? Na mume wako, kabla ya kuanguka kule Mafinga, alikuwa anameza dawa za maumivu?

MamaPili_Kihonda

Shikamoo mzee. Nimesoma mpaka mtoto akaunguza maharage.

La kwanza: ndiyo. Nina kiungulia tangu ujauzito wa mwisho, natumia omeprazoli 20 kila asubuhi, siku ile pia nilimeza kabla sijatoka. Hakuna aliyeniuliza.

La pili: ndiyo tena. Kiuno cha dereva, mzee. Kwenye gari lake kuna kikopo, diklofenaki na wakati mwingine ibuprofeni, anameza huku anaendesha, mara nyingi hajala. Nilijua ila sikujua kama inahusu.

Tabibu_wa_Unguja

Assalam alaykum. Mzee wa slaidi kaeleza vizuri mno, mie naingia kwenye hayo mawili kwa sababu ndiyo nnayokutana nayo kila siku kituoni.

Dada, omeprazoli inampunguza H. pylori bila ya kummaliza. Anajificha, idadi inashuka, kipimo cha choo kinatoka "hakuna" na yumo. Ndiyo maana tunataka mtu aache omeprazoli na jamaa zake wiki 2 kabla ya kupima choo au kupima kwa pumzi, na wiki 4 kwa antibayotiki. Kwa hiyo karatasi yako hiyo usiitegemee. Ikiwa kiungulia kitakusumbua katika siku hizo, ziko dawa nyepesi za kutafuna za kutuliza asidi, muulize anayekuhudumia. Na hiki kipimo cha kutoboa kidole ambacho wengi wanafanyiwa madukani, hicho kinatafuta askari wa mwili. Askari wanabaki muda mrefu baada ya adui kuondoka, kwa hiyo mtu aliyepona anaendelea kuonekana mgonjwa na anamezeshwa dozi kwa mara ya 3 bure. Linanikera sana hili, maana antibayotiki zikishatumika ovyo usugu unakuja, na klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki za dozi hii, ikishakataa kazi inakuwa ngumu.

Kuhusu mumeo. Ute na ile baikaboneti haviji bure, mwili unaviamrisha kwa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaondoa maumivu kwa kuzuia prostaglandini hizo hizo. Mtu anatuliza kiuno huku anauvua ukuta wa tumbo nguo. Kwa upande wa pili, H. pylori akikaa sehemu ya chini ya tumbo anavuruga homoni zinazopima asidi, homoni ya gastrini inazidi, asidi inamwagwa kupita kiasi na kuteremkia utumbo wa mwanzo, palepale kidonda cha mumeo kilipokutwa. Kila moja peke yake ni hatari. Vikikutana, hatari ya kidonda kutoka damu inakuwa kubwa kuliko kila kimoja. Kwa hiyo sidhani kama tumbo lake ni dhaifu kuliko lako. Alikuwa anapigwa pande mbili. Aonane na daktari kuhusu kiuno, kile kikopo kitoke garini.

Na wewe kijana wa Mbezi, mwaka na miezi ni mingi bila ya mtu kukuangalia. Omeprazoli ni dawa nzuri, mie naiandika, lakini asidi ina kazi yake. Siku za kipindupindu huku kwetu nawakumbusha watu jambo hili: Marekani walifanya majaribio kwa watu waliojitolea. Waliomeza vibrio, yaani bakteria wa kipindupindu, vitupu walihitaji mabilioni mpaka waugue. Waliomeza pamoja na baikaboneti ya kuzima asidi, milioni 1 ilitosha. Tafauti yote ile ni asidi ya tumbo. Wapo bakteria wanaoihimili, Shigella wa kuhara damu hata 10 hadi 100 wanaweza kumlaza mtu, lakini wengi wanaiogopa. Kwa hiyo huyo anayesema kijiko cha magadi kila asubuhi, anamfungulia mlango mgeni asiyemjua. Kwa mgonjwa wa kidonda anayetumia dozi sikubali kabisa.

Usiache ghafla wewe kijana, maana ukikata kwa mkupuo asidi inarudi kwa wingi kwa muda, ndiyo hiyo hasira uliyoisema. Nenda ukapimwe, upunguze kwa utaratibu.

Kijana_wa_Mbezi

Tabibu nashukuru. Kwa hiyo kile kiungulia cha siku ya pili si ugonjwa kurudi?

Tabibu_wa_Unguja

Kinaweza kuwa ugonjwa, kinaweza kuwa ni ule mrudio wa asidi baada ya dawa. Kwa maelezo ya simu siwezi kuvitenganisha. Ndiyo nakwambia ukaonwe. Na ukiona choo cheusi, kutapika damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama, usisubiri siku ya nafasi.

Mkulima_Rombo

Mzee naomba kuuliza kwa heshima. Kwetu kuna imani kubwa ya asali mbichi, na huyu mama ametaja kabichi na mlonge. Kama tumbo lina sukari inayozuia bakteria, haiwezekani asali nayo ikafanya hivyo hivyo, kwa kuwa ni sukari?

MzeeWaSlaidi

Swali zuri, ndugu yangu. Sukari ya asali na ile ya musini ni vitu viwili tofauti kabisa, kama uzi wa katani na uzi wa simu, vyote vinaitwa uzi. Ile ya tumbo imefungwa kwenye protini kwa kifundo maalumu, na mwili una kimeng'enya kimoja cha kufunga kifundo hicho. Wajapani wale wale baadaye walikuza panya wasio na jeni la kimeng'enya hicho, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba panya hao walipata saratani ya tumbo hata bila kuambukizwa H. pylori. Kwa hiyo kifundo hicho kina kazi kubwa kuliko kuzuia bakteria peke yake, kinatunza amani ya ukuta mzima. Nikisoma hivyo nikakumbuka vinyama vingi vya wazee ambavyo tezi zake zilikuwa zimesinyaa na kuisha. Ukishapoteza tezi, umepoteza na ute wake.

Asali, kabichi na mlonge kama chakula sina neno, watu wale. Ila kuua bakteria kwenye sahani ya maabara si sawa na kumuua chini ya ute, ndani ya tumbo linalochanganya na kumwaga kila saa. Hata antibayotiki zenyewe zinapata shida kumfikia. Ndiyo maana dozi ina antibayotiki 2 au zaidi kwa pamoja, ndiyo maana ni siku 14, na ndiyo maana omeprazoli imo ndani yake: asidi ikitulia, bakteria anaamka na kuanza kujigawa, na amoksilini inampata vizuri akiwa anajigawa. Nimeona vinyama vya watu waliokatisha siku ya 5 kwa sababu maumivu yameisha. Bakteria wamejaa kama mwanzo.

Na maziwa, kabla hamjauliza. Yanatuliza kwa dakika chache, halafu protini na kalsiamu yake vinaita asidi zaidi. Zamani wagonjwa wa vidonda walilazwa na kunyweshwa maziwa kwa wiki nyingi, na madaktari wakiamini chanzo ni mawazo na pilipili. Ilibidi Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, wasimame na kusema kuna bakteria. Mwaka 1982 walifanikiwa kumkuza baada ya sahani kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya likizo ya Pasaka, kumbe yeye anakua polepole. Watu hawakuwaamini, mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe kwenye kikombe na akaugua uvimbe wa ukuta wa tumbo. Tuzo ya Nobel wakaipata 2005. Kwangu mimi mtu wa slaidi, Warren ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu alianza kwa kutazama tu. Wengine walikuwa wameviona vile vijidudu wakavipita.

Mama Pili, ukipima tena utuambie.

MamaPili_Kihonda

Wakuu, nimerudi. Nimechelewa, msimu wa sare za shule ulinibana.

Niliacha omeprazoli wiki 2 na siku 3. Siku 4 za mwanzo zilikuwa ngumu kweli, usiku nalala nimeegemea mito. Jumatatu nikapeleka choo. Safari hii wameandika: YUPO.

Sikuogopa kama nilivyodhani. Nilikaa kwenye benchi nikafikiri, kumbe miaka yote hii huenda nimekuwa naye tangu nilipokuwa mtoto kule Kilosa, tulipokuwa tunakunywa maji ya mto, na ule ute wa chini ukawa unalinda kimya kimya bila mimi kujua. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kuna ndugu alikuwa anamlipia ada ya shule. Mzee, lile neno lako la kinga kuwekwa palipo na mali sitalisahau.

Daktari ameniuliza historia, na kwa kuwa nina kiungulia cha muda mrefu na mume wangu ameshavuja damu, amenianzishia dozi ya siku 14. Mwanangu Pili ana miaka 6, nilitaka nimpime naye, daktari amesema mtoto asiye na dalili hapimwi, nimuache acheze. Mume wangu amemaliza dozi yake, kikopo cha garini nimekitoa kwa mkono wangu, na amepewa mazoezi ya mgongo na mtaalamu, anayafanya sebuleni jioni, Pili anamhesabia.

Nina maswali mawili ya mwisho. Ile omeprazoli ya kwenye dozi niimeze kabla au baada ya chakula? Kwenye bahasha hawakuandika. Na mume wangu arudi kupima lini ili tujue kama amepona?

MzeeWaSlaidi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa zile siku 4.

Kabla ya chakula, nusu saa hivi kabla ya chai ya asubuhi na nusu saa kabla ya chakula cha jioni kama umeandikiwa mara 2. Antibayotiki fuata maelekezo ya daktari wako, na hapo kwenye bahasha pasipoandikwa rudi dirishani ukaandikiwe, ni haki yako.

Mumeo ahesabu wiki 4 tangu kidonge cha mwisho cha antibayotiki, na katika hizo, wiki 2 za mwisho asiwe na omeprazoli, kama daktari aliyemtibu kidonda ameridhia aiache. Kisha apime choo au pumzi, si kidole. Wewe nawe hivyo hivyo ukimaliza. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda ile ya ukutani, hapo unapokaa na cherehani.